Kiti cha Constance

Norbert alishuka kwenye boti ya Uvira na bahasha tatu za kaki ndani ya mfuko wa nailoni, ameziweka juu ya kichwa ili maji yasiziguse. Kabla hajaenda kumsalimia mama yake aliyemzaa, akapita kwanza kwenye ua wa mama Georgette, mama yake mkubwa, aliyemzaa Florentine.

"Florentine iko wapi? Nimemuletea ile yenye aliomba."

Eugène alikuwa hapo, amepiga magoti mchangani, anatengeneza mguu wa kiti. Kiti hicho alikichonga mwenyewe mwaka aliomuoa Constance, mti wa mvule, mgongo wake umepinda kidogo kama ubavu wa boti, maana yeye ni fundi wa maboti na mkono wake umezoea kupinda. Constance alikikalia miaka sita. Sasa alikuwa chini ya msalaba kwenye makaburi ya Wakatoliki, mwaka na miezi miwili, na kilio kilikuwa kimekwisha. Familia mbili zilikuwa zimekaa na kukubaliana kama inavyofanywa katika nyumba ile: Jumapili ya pili, Florentine, mdogo wa marehemu, atakalishwa juu ya kiti cha dada yake mbele ya watu wote, na kuanzia hapo atakuwa mke wa Eugène.

Hakuna aliyemuuliza Florentine. Eugène naye hakuulizwa sana, lakini hakukataa. Angekataa vipi? Mwaka mzima msichana huyu alimletea ugali na sombe ya majani ya muhogo pale ufukweni, akakaa juu ya boti iliyopinduliwa akimngoja amalize kula, hasemi maneno mengi. Siku moja upepo ulimvua kitambaa cha kichwa, akacheka, na Eugène akajikuta anapiga nyundo kwenye kidole chake mwenyewe. Tangu siku hiyo alijua. Alijua na akaona haya, na haya hiyo ikamfanya awe mkali kwa kila mtu.

Florentine akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo. Akaangalia bahasha. Kisha akamwangalia Eugène, mara moja tu, kama mtu anayejaribu mlango aone kama umefungwa na ufunguo.

"Faculté tatu za droit," Norbert alisema, akizitandaza karatasi juu ya mkeka. Yeye alikuwa anasoma Bukavu, mwaka wa tatu, na alikuwa ameanza kuvaa miwani. "Droit njo sheria, mama. Mutu anasoma, anakuwa avocat wa kutetea batu, ao juge wa kukata maneno."

"Minajua droit," mama Georgette akamjibu kutoka mlangoni. "Njo yenye banasomaka bale benye banatufungaka."

Norbert akacheka peke yake. Akanyanyua karatasi ya kwanza. "Hii ni ya Lubumbashi. Njo kubwa. Vitabu vinajaa nyumba nzima, baprofesa iko na majina. Ukitoka pale batu banakuamkia na mikono mbili. Mais iko ngambo ile ya vita. Kufika, unavuka Kigoma, unazunguka mpaka Zambia, unaingia inchi yako na mulango ya nyuma."

"Na ile karatasi ya rangi ya bleu?" Florentine aliuliza.

"Bujumbura. Ni karibu, unalala hapa unaamkia kule. Mais sheria ya kwao si yetu. Ukirudia na diplôme yao, hapa banakuambia anza kuomba karatasi ingine yenye kusema karatasi yako ni karatasi."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu njo yetu, Bukavu." Norbert akavua miwani. "Sitakudanganya, dada. Mvua ikinyesha, profesa ananyamaza, juu ya kelele ya mabati. Vitabu tunapeana zamu. Mais iko na kitu moja bengine habana. Kila mercredi, katikati ya wiki, sisi banafunzi tunaweka meza inje. Mutu mwenye hana avocat anakuya anaeleza matata yake, tunaandika, mwalimu anasimamia. Mi niliandikiaka mama moja wa Kabare. Shamba yake ilirudi."

Eugène akaacha kupiga randa. "Ni miaka ngapi?"

"Kote ni tano, kaka. Tatu ya graduat, mbili ya licence."

"Na katika izi tatu, ni gani inafundisha kukamata chef, mukubwa wa ofisi?"

"Hakuna cours ya kukamata ba-chef!"

"Basi munasoma nini miaka tano? Kuandika?"

"Kuko droit pénal, sheria ya kufunga batu. Kuko procédure. Unajua namna ya kupeleka mutu mbele ya juge, hata mukubwa."

"Wapi banafundisha iyo kwa nguvu zaidi?"

Norbert akafikiri. "Labda Lubumbashi. Juu ya baprofesa."

"Atasoma Lubumbashi," Eugène akasema.

Alisema kama mtu aliye sokoni anayeonyesha shoka lipi apewe. Florentine alikuwa anapangusa unga mikononi, akaacha kupangusa.

"Nani atasoma?" Mama Georgette akashuka ngazi. "Na kiti? Nimeisha kuita batu ya Lubondja! Banakuya na mbuzi! We Eugène, ulikaa hapa ukasema ndiyo, leo unamutuma mutoto yangu azunguke Zambia juu ya vita yako?"

"Miaka tano si mingi, mama."

"Kwako! Mi nimezika moja. Sina wa kuchezea."

Norbert, kijana wa watu, akajaribu kuzima moto na akamwaga petroli. "Mbele ya yote iyo, mama, lazima dossier. Karatasi ya bonne conduite, yenye kusema huyu mutu anaishi vizuri. Kopi ya diplôme. Na barua yake ya kueleza juu ya nini anataka kusoma droit. Na kila karatasi ikuwe na cachet, muhuri ya chef wa poste. Bila cachet hawafungue hata bahasha."

Hata mama Georgette alitafuta kitu cha kushika.

Chef wa poste ya Baraka, mkubwa wa kituo cha mji wao, alikuwa Lionel.

Wakati ule wa vita wakubwa walibadilika kama nguo, lakini Lionel alibaki, kwa sababu kila mkubwa mpya alikuta muhuri uko kwake. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na muhuri wenyewe ulilala ndani ya mfuko wa shati, juu ya moyo, kama watu wengine wanavyovaa msalaba. Bila muhuri ule hakuna boti iliyotoka. Jumamosi tarehe kumi na nne mwezi wa saba, mwaka elfu mbili na moja, saa sita za mchana, Eugène alisimama mbele yake na karatasi ya safari mkononi. Constance alikuwa amelala ndani ya boti, uchungu wa uzazi siku ya pili, injini imewashwa, hospitali ikimngoja Uvira. Lionel alikuwa anakula karanga. Aliangalia saa yake. "Bureau imefungwa," alisema. "Mukuye lundi." Na muhuri ulikuwa pale pale, unapanda na kushuka anavyotafuna.

Watu wenye bunduki walikaa karibu na boti. Constance hakuifikia Jumatatu. Hakuifikia hata jioni. Mtoto naye.

*

Florentine alimkuta Eugène ufukweni saa za alasiri. Hakuleta chakula. Alisimama na kanga yake imefungwa kwa nguvu kifuani, na Eugène aliona macho yake yamekuwa mekundu.

"Shemeki, nikuulize kitu. Usinijibu haraka."

"Uliza."

"Unanipenda mi, ao unapenda kazi yenye nitakufanyia?"

Eugène alikuwa na pamba mkononi, ya kuziba nyufa za boti. Akaikunja. Akaikunjua. Maneno yalikuwepo, lakini yalipotaka kutoka yalikuta Lionel amekaa mlangoni anakula karanga.

"Ulisema nisijibu haraka," alisema mwishoni.

"Ona!" Sauti yake ikakatika. "Mama anaona kiti. We unaona shoka. Kila mara ukiniangalia, minaona macho yako inanipita, inaenda kule kwa bureau. Hakuna mutu katika iyi nyumba mwenye anamuona Florentine?"

"Dada yako alikufia hapa. Hapa penye unasimama."

"Unanifundisha?" Akamsogelea, uso kwa uso. "Mi njo nilimufunga macho! Mikono yako ilikataa, ni mi nilimufunga! Miezi kumi na ine minalala na ile. Njo maana niliomba Norbert karatasi, mbele we ujue kama droit iko. Mais nilizitaka juu yangu. Si nitumwe."

Eugène hakulijua hilo. Alidhani hasira ile yote ni yake, kama shamba lenye mwenye. Akamwangalia msichana, akaona mishipa ya shingo yake inavyopiga, akataka kuweka mkono pale, taratibu, mpaka itulie. Hakuweka.

"Nitaenda kwake mimi," alisema. "Na tezo yangu ya kuchongea. Tumalize. Usiende kumuomba yule mutu akuandikie we ni mutu muzuri. Yeye! Aseme nani muzuri!"

"Ukienda na tezo, utamuua mara moja tu. Haitoshe." Florentine alisema neno hilo kwa utulivu uliomtisha. "Tutaenda pamoja, mi na dossier yangu. Na tezo itabaki huku."

"Lini?"

"Lundi," akasema. "Si njo siku anapendaka?"

*

Jumatatu walimkuta ofisini, karanga juu ya meza, mguu mmoja juu ya kiti kingine. Eugène alikuwa na kuhe wawili wakubwa wa ziwani wametungwa kwenye kamba, kwa sababu mtu haingii mikono mitupu kwa Lionel. Alikuwa amekula kiapo mbele ya kaburi hatamwamkia mtu huyu tena maisha yake yote. Akasimama mlangoni, akanyanyua samaki badala ya salamu.

"Oh, fundi!" Lionel alifurahi kuona samaki. "Siku mingi! Na huyu mupya ni wa wapi? Kumbe unazifichaka." Akamwangalia Florentine kutoka miguuni kupanda juu, hana haraka. Kisha akaonyesha adabu. "Bibi yako yule wa kwanza, mama mulefu mulefu, iko muzima?"

Hakukumbuka.

Eugène alisikia masikio yake yanajaa maji. Mwaka na miezi miwili amelala na uso wa mtu huyu, ameuchonga, ameupasua, ameuchoma, na mtu mwenyewe hakukumbuka. Aliua kama mtu anavyokanyaga mdudu njiani, hata haangalii kiatu. Mkono wa Eugène ulitafuta tezo begani, ukakuta bega.

"Anapumuzika," alijibu.

"Vizuri, vizuri. Bamama bapumuzike. Leta zile, mademoiselle."

Florentine akaweka karatasi juu ya meza. Lionel akavuta muhuri kutoka mfukoni, akaupulizia pumzi, akaanza. Karatasi ya kwanza: tap. Akaandika "Vu" na sahihi yenye mkia mrefu. Ya pili: tap. Hakusoma hata moja. Mtu wa muhuri hasomi. Akisoma atakuwa karani.

Karatasi ya tatu ilikuwa barua. Ilijaa mwandiko wa Florentine, mistari midogo midogo ya Kifaransa, na Eugène, aliyeishia darasa la tatu, hakuwa anaiangalia kwa sababu yoyote. Lakini jicho lake likakwama. Kulikuwa na neno moja pale katikati ambalo angelitambua hata gizani, kwa vidole. Alilichonga mwenyewe kwenye msalaba wa mvule, herufi moja moja, siku nzima: C, O, N, S, T...

Jina la Constance. Na juu yake, mstari mmoja juu, jina lingine, fupi, lile lile lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi hii.

Akamwangalia Florentine. Msichana alikuwa amesimama wima, anaangalia dirisha. Tone la jasho lilikuwa linashuka nyuma ya sikio lake.

Muhuri ulikuwa juu, umesimama hewani.

"Hii ni murefu," Lionel alisema. "Inasema nini?" Akaivuta karibu. Akaanza kutafuta miwani kwenye droo.

Kama angesoma, Florentine angelala kwenye cachot, chumba cha kufungia watu nyuma ya nyumba, na kila mtu Baraka anajua mwanamke anatoka vipi mle. Kisasi kilikuwa juu ya meza. Florentine alikuwa karibu na meza. Eugène alisikia moyo wake unachagua bila kumuuliza.

"Mukubwa," akasema.

Neno lilimkata ulimi kama wembe. Lionel akainua kichwa.

"Mukubwa wangu, ile pirogi yako ya kazi, niliiona wakati tunapita. Inakunywa maji kwa ubavu ya kushoto. Ukipanda nayo wiki hii, sijui."

"Unasema kweli?" Droo ikaachwa wazi. "Bale bajinga baliniambia iko sawa!"

"Hawajui kazi. Nitakuzibia mi mwenyewe, mukubwa. Bure. Batu kama weye hawawezi kuzama hivi hivi."

Lionel akacheka mpaka karanga zikaruka. "Sikia huyu! Eeh, fundi, wewe njo mutu wa heshima." Na huku anacheka, anamwangalia yeye na si karatasi, mkono wake ukashuka wenyewe.

Tap.

Vu. Sahihi yenye mkia mrefu. Tarehe.

*

Walitembea haraka mpaka kwenye boti zilizopinduliwa. Hapo Florentine akakaa mchangani.

"Nisomee," Eugène alisema. "Yote."

Akamsomea, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, kidole chini ya mistari. "Ninaomba kusoma sheria kwa sababu tarehe kumi na nne mwezi wa saba, bwana Lionel, chef wa poste, alikataa kupiga cachet kwenye karatasi ya safari ya dada yangu Constance, mwenye alikuwa anazaa. Cachet ilikuwa mu mufuko yake. Alisema tukuye lundi. Dada yangu na mutoto walikufa ndani ya boti, na mimi nilikuwa pale." Akasogeza kidole chini. "Na hapa njo cachet yake. Na hapa njo mukono yake. Vu. Maana yake, nimeona. Ameandika mwenyewe kama ameona."

"Ungeniambia mbele."

"Uso yako ingenisaliti."

"Na kama angesoma?"

"Wewe njo ulimuzuia." Akamwinulia macho, na safari hii macho yale hayakujaribu mlango, yaliingia. "Ulimuita mukubwa. Minajua kiapo yako, nilikuwa kwa kaburi. Juu ya nini ulifanya vile?"

Sasa maneno yalitoka bila kukuta mtu mlangoni. "Juu yako. Ningemuita hata baba. Iyo njo jibu ya ile siku, Florentine. Nimechelewa, mais njo hii."

Akaweka mkono wake kwenye shingo yake, pale mishipa inapopiga. Mkono wa fundi, umejaa lami ya goudron na makovu. Florentine akaubana kwa shavu na bega, akafumba macho, na wakakaa hivyo mpaka mishipa ile ikaanza kupiga polepole.

"Nitasoma Bukavu," alisema akiwa bado amefumba macho. "Si juu ni karibu. Juu ya ile meza ya mercredi. Sitaki kuinamiwa na batu. Minataka siku moja nikae inje, na kila mwenye aliambiwaka akuye lundi, akuye kwangu."

"Miaka tano."

"Utaningoja?"

"Mi nachonga boti. Kazi yangu ni kungoja mti ukauke."

"Basi kile kiti cha yaya Constance, usinikalishe. Minamupenda, minamuliliaka, mais sitakaa penye alikaa. Unichongee changu."

Jumapili ile watu wa Lubondja walikuja na mbuzi wao. Mama Georgette alipiga kelele, akalia, akamlaani Norbert na miwani yake. Kisha, walipokuwa wote wanangoja aone aibu, akakivuta kiti cha Constance, akakikalia yeye mwenyewe. "Ni ya mutoto yangu," alisema. "Nitamuchungia. Mbuzi ikulwe. Huyu anaenda shuleni." Alfajiri ya Jumanne Florentine alipanda boti ya Uvira na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Alimwangalia Eugène mpaka boti ikawa ndogo kama kijiti, na Eugène hakupunga mkono, kwa sababu angepunga angeingia majini kumfuata.

Pirogi ya Lionel aliiziba siku tatu. Hakuwahi kuziba boti vizuri namna ile: pamba mara mbili, goudron mara tatu, alipitisha kidole kwenye kila ufa. Mafundi wenzake walimshangaa. Eugène hakuwaeleza. Lionel akizama ziwani, Florentine atampeleka nani mbele ya juge?

Siku ya nne mkubwa mwenyewe alishuka ufukweni kuchukua chombo chake, muhuri unaruka kifuani. Alikuta fundi amekaa juu ya ubao mpya wa mvule, anapima kwa kamba.

"Boti ingine?"

"Hapana. Kiti."

"Huu muti ni muzuri. Cha nani?"

"Cha yule mademoiselle ulimupigia cachet."

"Ah, yule! Mwambie chef Lionel anamusalimia." Akarusha karanga mdomoni. "Kitakuwa tayari lini, hata mi nikuagize moja?"

Eugène akaweka tezo juu ya mti, akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba ule akamwangalia mtu huyu bila mkono wake kutafuta tezo.

"Miaka tano," alisema. "We usiagize. Siku atakikalia, we utakuwa unasimama mbele yake."